Je, vidonge vya mwenzangu vitamfaa mwanangu mwenye uvimbe karibu na tezi ya pituitari?

Kwa Daktari wa safu hii,

Pokea salamu zangu kutoka Kisumu. Mimi ni mama wa watoto watatu na ninauza nguo za mitumba katika soko la Kibuye. Ninakuandikia kuhusu kifungua mimba wangu, mvulana wa miaka 12, ambaye kwa mwaka mmoja na nusu amekuwa akiumwa na kichwa, hasa asubuhi, na siku nyingine hutapika kabla hata hajanywa chai. Mara ya kwanza tulipompeleka kliniki alipewa dawa ya malaria, mara ya pili vilevile, nami sikuona ajabu, kwa sababu huku kwetu kando ya ziwa mtoto akiumwa na kichwa na kutapika kila mtu humfikiria mbu kwanza. Baadaye tuliambiwa ni macho, tukamnunulia miwani, na baada ya miezi sita tukaibadilisha, lakini aliendelea kulalamika kwamba haoni vizuri.

Jambo ninalojilaumu kwalo ni sare ya shule. Sare niliyomnunulia akiwa Gredi ya Tatu bado inamtosha, na mdogo wake wa miaka 10 amekwisha kumpita kimo. Nilidhani amefuata ukoo wa baba yake, ambao si warefu. Tena anakunywa maji mno. Hulala na jagi kando ya kitanda na huamka mara nne au tano usiku kwenda haja ndogo. Tulimpima sukari, ikawa sawa. Miezi miwili iliyopita mkokoteni ulimgonga ubavuni pale sokoni, na mwenye mkokoteni aliapa kwamba mtoto alijitia mbele yake kana kwamba hakuna kitu. Daktari wa macho aliyemkagua baada ya ajali hiyo ndiye aliyetutuma tukapige picha ya CT ya kichwa.

Picha ilionyesha uvimbe juu ya tezi ya pituitari, wenye kifuko cha majimaji na madoa ya chokaa, na ripoti ikataja jina kraniofaringioma. Katika damu walipima homoni moja tu, prolaktini, ile ya kutengeneza maziwa ya mama, ikawa nanogramu 62 kwa mililita, ilhali kiwango cha kawaida cha maabara hiyo kinaishia 18. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Mwenzangu wa kibanda cha pili aliwahi kuwa na uvimbe katika tezi hiyohiyo, prolaktini yake ikiwa juu na maziwa yakimtoka ingawa hakuwa na mtoto wa kunyonya, naye alipona kwa vidonge vya kabagolini anavyomeza mara mbili kwa wiki, bila kupasuliwa. Ananisihi nisikubali mtoto afunguliwe kichwa, na amejitolea kunigawia vidonge vyake.

Madaktari nao hawasemi kwa sauti moja. Mpasuaji wa kwanza alisema uvimbe uondolewe wote, usiachwe hata chembe. Wa pili, katika hospitali nyingine, alisema atatoa sehemu tu kisha mtoto apelekwe kwenye mionzi. Nilipouliza kama ni saratani, wote wawili walisema sivyo. Sasa mionzi ni ya nini? Shemeji yangu anaandaa harambee ya kumpeleka India, na mama mkwe anasema mtoto ametupiwa kitu. Nimsikilize nani, na je, mwanangu atakua kama watoto wengine?

Mama wa Kifungua Mimba, Kisumu

JIBU

Mama, nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kabla sijagusa suala la vidonge au la upasuaji, kuna jambo moja ambalo halipaswi kusubiri. Mwanao ana uvimbe unaokandamiza tezi inayoamrisha homoni nyingi za mwili, na mpaka sasa amepimwa homoni moja tu, tena ile ambayo haiwezi kumwangusha. Homoni inayoweza kumwangusha ni kotisoli, ambayo tezi zilizo juu ya figo huitengeneza kwa amri ya pituitari. Mtoto ambaye kotisoli yake imepungua anaweza kuonekana mchovu tu na asiyependa kula, hadi siku atakapopata homa kali, ajali au dawa ya usingizi ya chumba cha upasuaji. Siku hiyo shinikizo la damu na sukari vinaweza kushuka ghafla, na akapoteza maisha kabla mtu hajafahamu sababu. Kotisoli hupimwa asubuhi, mnamo saa mbili, kwa sababu wakati huo ndipo kiwango chake cha kawaida kinapokuwa juu. Ikiwa iko chini, mtoto huanzishiwa mara moja haidrokotisoni, dawa inayochukua nafasi ya kotisoli, hata kabla familia haijaamua atapasuliwa wapi.

Pamoja na kotisoli, omba wapime homoni za tezi ya shingo, chumvi za mwili hasa sodiamu, homoni za ukuaji na za kubalehe, na ukolezi wa mkojo. Katika tezi ya shingo wapime T4 huru, homoni ya tezi hiyo yenyewe, pamoja na TSH, amri inayotoka pituitari kwenda kwake, kwa maana TSH pekee itawadanganya. Daktari aliyezoea kuona tezi ya shingo iliyochoka yenyewe hutarajia TSH ipande, lakini hapa anayetoa amri ndiye mgonjwa, na TSH inaweza kuonekana ya kawaida kabisa huku mtoto akiwa amepungukiwa. Ikigunduliwa kwamba anahitaji haidrokotisoni na pia thairoksini, dawa ya homoni ya tezi ya shingo, haidrokotisoni hutangulia. Thairoksini huharakisha matumizi ya ile kotisoli kidogo iliyobaki, na nimeona mgonjwa akizidiwa kwa sababu mpangilio huo ulipinduliwa.

Kuhusu maji, nakuomba usimnyime, wala usimruhusu mtu yeyote nyumbani kumfungia jagi ili asiamke usiku. Kiu hiyo ni halisi. Sehemu ya nyuma ya pituitari huhifadhi na kuachilia homoni inayoziambia figo zirudishe maji mwilini. Homoni hiyo ikikosekana, mkojo hutoka mwingi na mwepesi kama maji ya bomba, na ugonjwa wenyewe huitwa diabetesi insipidasi. Hauna uhusiano wowote na sukari, ndiyo maana kipimo chenu cha sukari kilikuwa sawa. Mtoto wa aina hii akinyimwa maji, sodiamu hupanda na ubongo hudhurika. Usishtuke vilevile iwapo ataanzishiwa haidrokotisoni na mkojo uongezeke maradufu ndani ya siku chache: upungufu wa kotisoli huuficha ugonjwa huu, na dawa ikiingia hufichuka.

Sasa macho na ule mkokoteni. Pituitari ina ukubwa wa punje ya mbaazi na imekaa ndani ya kikalio cha mfupa katikati ya fuvu, ambacho wataalamu wa zamani walikiita tandiko la Kituruki kwa jinsi kilivyofanana na tandiko la farasi. Juu yake tu ndipo neva za macho mawili zinapokutana kama njia panda, na nyuzi zinazokatiza hapo ni zile zinazoleta habari za pembeni, kulia na kushoto. Uvimbe ukizisukuma kutoka chini, mtoto huendelea kusoma herufi zilizo mbele yake lakini huwa kama farasi aliyefungwa vipande vya ngozi kando ya macho. Haoni kinachomjia ubavuni, na mwenye mkokoteni huenda alisema kweli. Miwani haiwezi kurekebisha hali hiyo. Kinachotakiwa ni kipimo cha uwanja wa kuona, ambapo mgonjwa huketi mbele ya mashine na kubonyeza kila anapoona nukta ya mwanga, na matokeo yake yawekwe kwenye faili, kwa sababu ndiyo yatakayoonyesha baadaye kama tiba imesaidia. Neva iliyokandamizwa kwa muda mfupi hupata nafuu, lakini iliyokandamizwa kwa muda mrefu mara nyingi hairudi ilivyokuwa. Baada ya kotisoli, hapo ndipo penye haraka ya kweli katika jambo hili lote, zaidi hata ya ukubwa wa uvimbe wenyewe.

Nije kwa vidonge vya mwenzako, ambaye sina shaka anakutakia mema. Uvimbe wake, kwa jinsi unavyoueleza, unaitwa prolaktinoma. Unaota kutoka katika seli za pituitari zinazotengeneza prolaktini, na seli hizo zina tabia ya kuitii dopamini. Kabagolini huiga dopamini, kwa hiyo seli hunyamaza na uvimbe husinyaa. Katika tiba ya uvimbe wa ndani ya fuvu ni nadra kupata bahati kama hiyo. Lakini prolaktini ya mwanao imepanda kwa sababu nyingine. Katika hali ya kawaida dopamini hutiririka kutoka haipothalamasi, ile sehemu ya ubongo iliyo juu ya pituitari, ikipitia kikonyo chembamba, na kazi yake ni kuizuia prolaktini isimwagike. Umeona mifereji ya mashamba ya mpunga kule Ahero: mfereji ukizibwa huku juu, mashamba ya chini hukauka hata kama mto umejaa. Uvimbe wa mwanao umekikandamiza kikonyo, dopamini haifiki, na seli zisizo na ugonjwa wowote zinatoa prolaktini kwa kukosa wa kuzizuia.

Tarakimu zenyewe zinaeleza hivyo. Prolaktinoma iliyokua kiasi cha kubana macho kwa kawaida hutoa prolaktini ya mamia, mara nyingi maelfu, ya nanogramu kwa mililita. Kikonyo kilichobanwa kwa kawaida hakiipandishi zaidi ya mia moja hivi. Nanogramu 62 kwa uvimbe mkubwa, wenye kifuko na chokaa, katika mtoto aliyedumaa na mwenye kiu, hazinielekezi kwa prolaktinoma. Kuna mtego mmoja tu ambao ningetaka maabara iuondoe: prolaktini ikiwa nyingi kupita kiasi, mashine nyingine huzidiwa na kutoa jibu la chini la uongo. Hilo husahihishwa kwa kuizimua sampuli mara mia moja na kuipima upya, kazi ndogo kwa maabara ya kuaminika. Jibu likibaki palepale, suala la kabagolini limefungwa.

Unaweza kuuliza kuna ubaya gani kujaribu vidonge kwa mwezi mmoja. Ubaya ni kwamba vitaonekana kufanya kazi. Prolaktini itashuka hadi kawaida, karatasi ya maabara itapendeza, familia itashukuru, na uvimbe utaendelea kukua kimya juu ya neva za macho. Mrudishie mwenzako vidonge vyake kwa heshima. Yeye mwenyewe hapaswi kupunguza dozi yake.

Huu wa mwanao ni uvimbe wa namna gani basi? Mtoto anapoumbwa tumboni, sehemu ya mbele ya pituitari huanza kama mkunjo mdogo kutoka paa la kinywa na kupanda hadi chini ya ubongo. Masalia ya seli za safari hiyo yanaweza kubaki njiani na kuota miaka mingi baadaye. Jakob Erdheim wa Vienna aliueleza uvimbe huu mwaka 1904, na jina kraniofaringioma likaenea kupitia kwa mpasuaji Mmarekani Harvey Cushing mwaka 1932. Ni adimu kweli: katika watu milioni moja, hugunduliwa kwa mtu mmoja au wawili kwa mwaka, au pungufu ya hapo, na huwapata zaidi watoto wa umri wa shule na watu waliopita miaka 50. Aina ya watoto ndiyo yenye chokaa na vifuko vilivyojaa majimaji mazito ya kahawia, yanayofanana na oili iliyomwagwa kutoka kwenye injini. Katika chembe zake kumepatikana hitilafu ya jeni moja, iliyotokea ndani ya uvimbe wenyewe. Hakuirithi kwako wala kwa baba yake, na mama mkwe wako unaweza kumweleza kwa upole kwamba masalia haya yalikuwepo kabla mtoto hajazaliwa na kabla hajapata adui. Akitaka kumwombea, amwombee. Maombi hayapingani na hospitali.

Hata hivyo picha ya CT haitoshi. Ni hodari wa kuonyesha chokaa, lakini kuona uvimbe umeshikana vipi na haipothalamasi kunahitaji MRI, picha ya sumaku, iliyopigwa kwa dawa ya kung'arisha. Kabla ya upasuaji wapime pia katika damu vitu viwili vinavyoitwa alfafetoproteini na beta HCG, kwa sababu watoto wa umri huu hupata uvimbe mwingine mahali hapohapo, jeminoma, ambao huanza pia kwa kiu na kudumaa. Huo ni saratani, lakini husikia sana dawa na mionzi, na kwa kawaida hauhitaji kuondolewa kwa kisu. Chokaa ya mwanao hainielekezi huko. Walakini damu ya kipimo hiki ni kidogo, na kosa la kupasua kichwa kisichohitaji kupasuliwa ni kubwa.

Nimefika kwenye mgogoro wa wapasuaji wako wawili, na hapa nitachukua upande, ingawa kwa sharti. Neno kwamba si saratani ni la kweli, maana uvimbe huu hausambai kwenda mapafuni wala kwenye ini. Lakini una tabia mbaya ya kushikamana na kila kilicho jirani yake na kutuma vidole vidogo ndani ya haipothalamasi. Kwa miongo mingi wapasuaji bora duniani waliamini kama alivyoamini daktari wako wa kwanza, kwamba ukiondoa kila chembe mgonjwa amepona. Baadhi ya watoto walipona uvimbe kweli, kisha wakarudi nyumbani wakiwa na njaa isiyoshiba, uzito unaopanda kila mwezi hata wakila kidogo, usingizi mchana, hasira zisizo na sababu na kumbukumbu iliyopungua, kwa kuwa haipothalamasi ndiyo inayoratibu njaa, kiu, usingizi, joto la mwili na sehemu kubwa ya hisia. Mwaka 2007 madaktari wa watoto wa Paris walichapisha utaratibu wa kuupanga uvimbe huu kwa madaraja kabla ya kisu: daraja la 0 ni ule usioigusa haipothalamasi, la 1 ni ule unaoisukuma tu, na la 2 ni ule ulioingia ndani yake kiasi kwamba haipothalamasi haitambuliki tena kwenye MRI. Kwa daraja la 2 walianza kuacha kipande kilichoshikamana na kukitibu kwa mionzi, na watoto waliotibiwa hivyo walisalimika zaidi na unene ule wa hatari. Mtazamo huo sasa umeenea sana.

Kwa hiyo, MRI ikionyesha uvimbe umejitenga vizuri, daktari wa kwanza anaweza kuwa sahihi, na kuuondoa wote ni jambo jema. Ikionyesha umejichimbia, mimi ningemfuata wa pili. Muulize kila mmoja wao, bila woga, swali hili: uvimbe wa mwanangu umeigusa haipothalamasi kiasi gani, na utaacha wapi mkono wako? Mpasuaji mzuri hukasirishwa na maswali mengi, lakini hili huwa halimkasirishi.

Swali lako kuhusu mionzi lina mantiki, na wengi hukosea hapo. Mionzi hutibu seli zinazogawanyika, ziwe za saratani au la. Kipande kilichoachwa bila mionzi mara nyingi hukua tena, na upasuaji wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza kwa sababu ya makovu. Kipande kilichoachwa na kupigwa mionzi hutulia kwa wagonjwa walio wengi, kwa kiwango kinachokaribiana na cha waliotolewa uvimbe wote. Dozi ya kawaida ni kati ya 50 na 54 kwa kipimo cha Gray, inayogawanywa katika vikao kama 30, siku tano kwa wiki, yaani wiki sita hivi. Si tiba isiyo na gharama: homoni zilizosalia zinaweza kupungua polepole kwa miaka, na mishipa ya damu ya ubongo inaweza kuathirika, ndiyo maana kwa watoto wadogo sana madaktari hujaribu kuichelewesha. Kwa umri wa miaka 12 hofu hiyo ni ndogo zaidi.

Njia ya kuufikia uvimbe inaweza kuwa kupitia puani kwa kamera nyembamba au kupitia fuvu, kulingana na umbo na mahali pake, na hilo mwachie mpasuaji. Ikiwa kifuko ndicho kikubwa, pengine wataanza kwa kunyonya majimaji ili macho yapumue, kisha wapange mengine bila papara. Maumivu ya kichwa ya asubuhi na kutapika yananifanya nishuku kwamba maji ya ubongo yanaanza kuzuiwa, na hilo MRI italionyesha. Akilala bila kuamshika, akianza kuropoka au kutapika mfululizo, usimpeleke kliniki ya mtaani na usikubali kipimo cha malaria kiwe neno la mwisho. Mpeleke kitengo cha dharura cha hospitali kubwa ukiwa na picha mkononi.

India sipingi kwa ushabiki wa uzalendo. Lakini wapasuaji wa ubongo wapo katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi kule Eldoret, na katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta jijini Nairobi, ambayo imekuwa ikitoa tiba ya mionzi kwa miongo mingi. Ombi la rufaa linaweza kuanzia hapo Kisumu katika hospitali ya Jaramogi, ambayo wenyeji wengi bado wanaiita Russia. Ninachohofia kuhusu safari hiyo ni miezi ya harambee wakati neva za macho zinaendelea kukandamizwa, na kurudi na mtoto ambaye hakuna daktari wa hapa anayejua alichofanyiwa. Kazi kubwa ya ugonjwa huu si siku ya upasuaji. Ni miaka inayofuata, na miaka hiyo ataishi Kisumu. Fedha za harambee, zikipatikana, zitahitajika kwa MRI za kurudia, dawa na nauli. Hakikisha pia kwamba jina la mtoto limo katika orodha ya wategemezi wako katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na kwamba mchango wako umekamilika, kwa sababu wasio na mshahara wa mwezi hulipa wa mwaka mzima kwa pamoja, na hospitali huomba idhini kabla ya kupanga upasuaji.

Kwa wasomaji wengine walioniandikia kuhusu wazazi wao: aina ya watu wazima wa uvimbe huu, isiyo na chokaa sana, mara nyingi ina hitilafu katika jeni iitwayo BRAF. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2023, vidonge viwili vinavyolenga hitilafu hiyo, vemurafenibu na kobimetinibu, vilipunguza uvimbe kwa wagonjwa 15 kati ya 16. Ndiyo maana kipande kilichotolewa ni lazima kipelekwe maabara na kisiishie kwenye ndoo. Kwa mvulana wako dawa hizo hazitarajiwi kuwa na kazi.

Umeuliza kama atakua. Watoto wengi wenye kraniofaringioma huishi hadi utu uzima, lakini wengi wao huishi kwa homoni za kununua. Atahitaji haidrokotisoni kila siku, huenda maisha yake yote, na hapa nataka unisikilize kuliko popote pengine katika jibu hili, kwa sababu unaishi katika eneo la malaria. Siku atakapopata homa, dozi huongezwa mara mbili au tatu mpaka apone. Siku atakapotapika vidonge, vidonge havina maana tena na anahitaji sindano ya haidrokotisoni bila kungoja. Malaria huleta vyote viwili, homa na kutapika, kwa usiku mmoja. Mwombe daktari akuandikie dozi ya sindano, akufundishe kuichoma mwenyewe pajani, na akupe kadi ambayo mtoto ataibeba shuleni ikieleza kwamba anategemea dawa hiyo. Alale chini ya neti kila usiku. Kwa mkojo atapewa desmopresini, dawa inayoiga ile homoni ya kurudisha maji mwilini, na ukishaipata kanuni inabadilika: atakunywa kwa kiu tu, kwa sababu maji mengi juu ya desmopresini hushusha sodiamu na huweza kuleta degedege. Uliza mapema duka lipi la dawa mjini lina vidonge vyake, maana si dawa ya kila duka.

Sindano za homoni ya ukuaji kwa kawaida hazianzi mara moja. Madaktari wengi husubiri kama mwaka mmoja baada ya tiba, wakithibitisha kwa MRI kwamba uvimbe umetulia, na tafiti hazijaonyesha kwamba sindano hizo huurudisha. Ni ghali na huchomwa kila siku, lakini kwa mvulana ambaye mifupa yake haijafunga bado ana sentimita nyingi mbele yake. Akifika umri wa kubalehe na asibalehe, kuna testosteroni. Mpime uzito kila mwezi tangu sasa na uandike kwenye daftari. Ukianza kupanda kwa kasi baada ya upasuaji, usimwite mlafi.

Kuhusu ile sare, usijitese. Kitabu cha kliniki ya mama na mtoto hufuatilia kimo na uzito hadi miaka mitano, na baada ya hapo ni watoto wachache wanaowekwa tena kwenye kipimo mpaka waugue. Mtoto wa shule ya msingi hukua sentimita tano au sita kwa mwaka, na wewe uliligundua jambo hilo kwa pindo la suruali, huku watu kadhaa waliosomea kazi hiyo wakimtazama bila kumpima.

Yafanye haya wiki hii. Mpeleke Jumatatu asubuhi, afike maabara kabla ya saa tatu, achukuliwe damu ya kotisoli, sodiamu, T4 huru na vile vitu viwili nilivyotaja, alfafetoproteini na beta HCG, na prolaktini izimuliwe ipimwe upya. Anywe maji yake kama kawaida njiani. Siku hiyohiyo omba tarehe ya MRI na ya kipimo cha uwanja wa kuona. Mwalimu wake naye umwandikie barua fupi kwamba mtoto aketi mbele, katikati, aruhusiwe kutoka kwenda haja bila kuomba, na asivuke barabara peke yake.